Kutu na Ulikaji: Funzo la Boti ya Alumini

UTANGULIZI

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa, akisha kuipita Mikumi, hushuka katika bonde lenye joto na mibuyu mingi kabla ya kuanza kuukwea mlima wa Kitonga. Katika bonde hilo, kandokando ya Mto Ruaha Mkuu, ndipo kilipo kijiji cha Ruaha Mbuyuni. Wengi hukijua kwa vitunguu vyake, vinavyolimwa kwa maji ya mto na kuuzwa kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Sisi twakikumbuka kwa sababu nyingine: hapo ndipo fundi mmoja wa gereji alipotusahihisha tafsiri.

Tulikuwa safarini pamoja na lori lililobeba boti ndogo ya alumini. Boti hiyo ilikuwa imefanya kazi pwani kwa misimu kadhaa, kisha ikapelekwa katika Bwawa la Mtera, na sasa ilikuwa ikirudishwa Dar es Salaam kwa kuwa ilivuja. Lori liliposimama kupumzika, fundi huyo aliizunguka boti, akatia kidole katika vishimo vilivyozizunguka skrubu za kishikio cha pampu, akapangusa unga mweupe, akauliza ni nani aliyezifunga. Mwenye boti akajibu kwamba ni yeye mwenyewe, tena kwa kuufuata mwongozo, na mwongozo akautoa. Sentensi yenyewe ilisema: "Usitumie skrubu wala bolti zinazoshika kutu." Kwa hiyo aliziepuka za chuma, akanunua za shaba.

"Kutu iko wapi hapa, wazee wangu?" akasema fundi. "Kutu ni ya chuma. Hii alumini imeliwa, na iliyoila ni hiyo shaba mliyoifunga juu yake."

Hatuna budi kukiri kwamba tafsiri ile ilikuwa imepitia mikononi mwetu. Tuliporejea nakala ya asili tuliona kwamba haikuwa ikionya juu ya skrubu zinazoshika kutu zenyewe, bali juu ya vifungio viwezavyo kuifanya alumini iliwe. Mwenye boti hakukosa. Alitii neno aliloandikiwa. Neno ndilo lililomtoboa boti yake.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi wanadamu walivyokuja kulifahamu jambo hili katika vyombo vya majini, na kisha kuyapima maneno tunayolielezea, ili mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali anayenunua au kutunza vyombo hivyo wasirudie kosa letu.

HISTORIA YA METALI NDANI YA MAJI

Mabaharia wa pwani yetu waliishi na suala hili kabla halijapata jina. Mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 1 aliyetunga kitabu kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea aliutaja mji wa Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, akaeleza kwamba jina lake latokana na vyombo vya kushonwa. Ushonaji huo ulidumu kwa karne nyingi, na mtepe wa visiwa vya Lamu uliendelea kuonekana hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kukazwa kwa vigingi vya mti, msumari haukuwamo. Watu wa mbali walitunga hadithi kwamba katika bahari hizi imo miamba ya sumaku inayochomoa misumari, hadithi ambayo Procopius aliikanusha mapema katika karne ya 6. Sababu za kweli zilikuwa za kawaida zaidi, zikiwamo uhaba wa chuma na wepesi wa chombo cha kushonwa kunyumbuka kinapogusa fungu. Hata hivyo, kwa jambo letu faida yake ni dhahiri: pasipo metali hapana cha kuliwa.

Tatizo lilijitokeza wazi pale metali mbili zilipokutanishwa. Mwaka 1761 Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliifunika manowari yake Alarm kwa mabamba ya shaba chini ya mstari wa maji, ili kuikinga na wadudu wa baharini watoboao mbao. Chombo kikatumwa katika bahari ya visiwa vya Karibi. Kilipokaguliwa mwaka 1763, mabamba ya shaba yalikutwa mazima, lakini misumari mingi ya chuma iliyogusana nayo ilikuwa imelika mno. Jambo la ajabu ni kwamba mahali pengine misumari ilikuwa salama. Wakaguzi walipotazama zaidi waliona karatasi ya kahawia. Mabamba yalikuwa yamefungiwa karatasi hiyo yalipoletwa, na mafundi hawakuibandua yote. Nayo ilibaki kati ya shaba na chuma. Uvivu wa fundi mmoja, kama ulikuwa uvivu, ulitoa somo kubwa: metali mbili zisipogusana hazilani.

Sababu yake haikujulikana bado. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Italia alichapisha majaribio yake juu ya miguu ya chura iliyoruka ilipoguswa na metali mbili tofauti. Mwaka 1800 Alessandro Volta, naye Mwitaliano, alionyesha kwamba nguvu hiyo haikutoka kwa chura. Alipanga sahani za zinki na za fedha au shaba kwa zamu, akiweka kati yao vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akapata umeme. Hiyo ndiyo betri ya kwanza. Na msomaji akiitazama vyema ataona kwamba Volta alikuwa ameunda upya, juu ya meza, kile kilichokuwa kikitendeka chini ya Alarm: metali mbili, mgusano wao, na maji ya chumvi. Katika kila betri ya namna hiyo metali moja hutoa umeme kwa kujitoa mwili wake. Boti iliyofungwa vibaya ni betri ambayo hakuna aliyekusudia kuiunda.

Mwaka 1824 Humphry Davy alilitumia somo hilo kinyume. Wakati huo wanamaji walilalamika kwamba shaba yenyewe inaliwa na bahari. Davy akashauri vipande vidogo vya zinki au chuma vigusishwe kwenye mabamba ya shaba, ili vipande hivyo viliwe badala ya shaba. Shauri likafaulu kupita kiasi: shaba iliacha kulika, lakini kwa kuwa haikutoa tena sumu yake majini, mwani na makombe yakaota juu yake na kuipunguzia meli mwendo. Baada ya muda si mrefu wanamaji waliiacha njia hiyo. Kanuni yake lakini haikufa. Leo iko chini ya meli za chuma na boti za alumini duniani kote.

Alumini yenyewe ilichelewa kuingia majini. Ilikuwa metali ya thamani hadi mwaka 1886, wakati Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, walipogundua njia ya kuipata kwa umeme kwa gharama ndogo. Wajenzi wa boti wakavutiwa na wepesi wake, kwani uzito wake ni kama theluthi moja tu ya ule wa chuma. Mwaka 1895 ikaundwa Marekani mashua ya mashindano iitwayo Defender. Mataruma yake yalikuwa ya chuma cha pua, mwili wake chini ya maji ulikuwa wa bronzi, na juu ya maji ulikuwa wa alumini. Ilishinda mashindano yake mwaka huo huo. Lakini wajenzi walikuwa wamezikusanya metali zisizopatana katika mwili mmoja na kuzitia katika maji ya chumvi. Alumini ikaanza kuliwa upesi, na mwaka 1901 chombo kikavunjwavunjwa. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Defender haikuuawa na bahari peke yake; iliuawa na bronzi iliyofumwa pamoja nayo.

Katika nchi yetu mfano unaojulikana zaidi ni wa meli ya Liemba, ingawa wenyewe wahusu chuma na kutu ya kawaida. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikaungwa kwa ribiti na kuingizwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Ilipoinuliwa na Waingereza mwaka 1924, mitambo ilikutwa ingali inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina jipya. Grisi ilikuwa imeyazuia maji na hewa visiifikie metali.

Tukiyajumlisha hayo twapata kanuni iliyo rahisi kukumbukwa. Ili metali moja iliwe na nyingine, yahitajika mambo matatu: metali mbili zisizo sawa, mgusano baina yao, na maji yanayozizunguka zote mbili. Mtepe uliiondoa metali. Karatasi ya Alarm iliuondoa mgusano. Na grisi, kama ile ya Liemba, huyaondoa maji. Davy naye hakuondoa lolote. Alitoa metali ya tatu iliwe badala ya ile aliyotaka kuilinda.

MANENO NA HATARI ZAKE

Tukirudi kwenye lugha, neno la kwanza ni KUTU. Kwa msemaji wa kawaida kutu ni kile kitu chekundu kinachoota juu ya chuma. Pengine husemwa pia kutu ya kijani ya shaba, lakini picha inayokuja akilini ni ya chuma. Alumini haina kutu ya namna hiyo. Ikikatwa tu, hewa huivika papo hapo ngozi nyembamba mno isiyoonekana, na ngozi hiyo ndiyo iilindayo. Ngozi ikiharibiwa isiweze kujirudisha, alumini huchimbika vishimo na kutoa unga mweupe. Wapishi walijua zamani kwamba magadi huichafua sufuria ya alumini. Basi ni vyema waendao na boti za alumini katika Ziwa Rukwa, ambalo maji yake yana magadi, wakumbuke sufuria hiyo. Kumwambia mtu ajihadhari na kutu katika boti ya alumini ni kumwambia atafute kitu ambacho hatakiona kamwe, huku kile kinachoiharibu kikimpita machoni.

Lugha yetu, hata hivyo, haikupungukiwa. Twasema chuma kimeliwa na kutu. Twasema nguo imelika, jino limelika. Kitenzi -lika kinataja tendo lenyewe bila kujali rangi ya mabaki yake. Kutokana nacho twapata ULIKAJI, neno ambalo baadhi ya waalimu na wafasiri hulitumia tayari. Kutu basi ni aina moja ya mabaki ya ulikaji, yaani yale ya chuma. Kila kutu yatokana na ulikaji, lakini si kila ulikaji huleta kutu. Fundi wa Ruaha Mbuyuni hakuwa amesoma orodha yoyote ya istilahi, naye aliitofautisha kwa sentensi tatu.

Neno la pili ni SHABA. Kwa neno hili twaita metali yenyewe, nyekundu, na pia mchanganyiko wake na zinki, ulio wa manjano, ambao ndio hutengenezewa skrubu na bomba nyingi. Tangu baada ya mwaka 1965, Zambia ilipoanza kukosa njia yake ya kusini kwa sababu ya uasi wa walowezi wa Rhodesia, malori yaliyopeleka mafuta huko yalirudi Dar es Salaam yakiwa na shaba kupitia barabara hii hii ya Ruaha Mbuyuni. Wakazi wa kando ya barabara wameiona ikipita kwa miaka mingi. Mwongozo ukikataza shaba, mfasiri na aandike wazi: shaba nyekundu, shaba ya manjano na bronzi. Vinginevyo msomaji atakataa moja na kuikubali nduguye.

Neno la tatu ni BATI. Lina maana mbili zinazogongana. Kuna bati ambalo ni metali laini nyeupe itumikayo kulehemia, na kuna mabati ya kuezekea, ambayo kwa kawaida ni chuma kilichovikwa zinki. Kila aliyelala chini ya paa la mabati amelala chini ya uvumbuzi wa Davy: zinki huliwa kwanza, na paa huanza kuwa jekundu pale zinki inapokwisha.

Neno la nne ni CHUMA KISICHOSHIKA KUTU. Jina hili ni la kweli na papo hapo ni la hatari. Chuma hiki chenyewe hakiharibiki upesi, lakini kikigusana na alumini ndani ya maji, aliwaye ni alumini. Jina lamsifu mlaji na kunyamaza juu ya mliwa. Hatupendekezi libadilishwe, kwani limekwisha zoeleka. Twapendekeza kila litumiwapo katika mwongozo wa vyombo vya majini lifuatwe na sentensi ya tahadhari.

Neno la tano ni zuri kupita yote: KAFARA. Kipande cha zinki kinachofungwa chini ya boti ili kiliwe badala ya mwili wa boti kimekuwa kikiitwa na wengine "zinki ya kinga" au "kipande cha kulinda". Majina hayo hayasemi kwamba kipande hicho lazima kiishe. Kafara, kwa maana iliyozoeleka, ni kitu kitolewacho ili balaa limwepuke mwenyewe. Mwenye boti akiambiwa kwamba hii ni zinki ya kafara, hatashangaa kuiona imelika. Atashangaa kuiona nzima, naye atakuwa na haki, kwa maana zinki ambayo hailiki haifanyi kazi.

MANENO HAYO KAZINI

Istilahi hupimwa kwa kazi. Hebu tuandike upya mwongozo wa kufunga kifaa juu ya boti ya alumini, tukiyatumia maneno hayo.

Kwanza, ikiwezekana usitoboe. Kishikio cha alumini ya aina ile ile kikichomelewa mwilini hakileti metali ya pili. Ikiwa huna budi kutoboa, ondoa chembe zote za chuma zilizoachwa na keekee, kwani kila chembe iliyonasa juu ya alumini ni mlaji mdogo.

Pili, usitumie kifungio cha shaba nyekundu, shaba ya manjano wala bronzi. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, lakini uzihami: weka washa ya nailoni chini ya kichwa cha bolti na chini ya nati, mrija mwembamba wa plastiki ndani ya tundu, na kipande cha mpira au plastiki kati ya kifaa na mwili wa boti. Kazi ya vitu hivi ni ile ile ya karatasi ya Alarm. Kisha ujaze kila upenyo kwa dawa ya kuzibia, maji yasipate pa kutulia.

Tatu, angalia ukubwa. Bolti ndogo ya chuma kisichoshika kutu katika bamba kubwa la alumini hula polepole, kwani mliwa ni mkubwa na mlaji ni mdogo. Ribiti ndogo ya alumini katika bamba kubwa la chuma hicho huliwa upesi sana.

Nne, usiufanye mwili wa boti kuwa njia ya umeme. Kila taa na kila pampu iwe na nyaya mbili zinazorudi kwenye betri. Umeme unaovuja hadi mwilini waweza kuitoboa boti kwa muda mfupi kuliko metali yoyote.

Tano, usipake chini ya boti rangi yenye shaba, usiweke juu ya alumini mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, na usiache sarafu wala vipande vya waya katika ngama.

Sita, funga metali ya kafara igusane barabara na mwili wa boti, wala usiipake rangi. Katika maji ya chumvi zinki yafaa. Katika maji baridi, kama ya Mtera au Ziwa Nyasa, magnesi yafaa zaidi, kwa kuwa zinki huweza kujivika gamba na kuacha kufanya kazi. Ikaguliwe mara kwa mara, na ibadilishwe kabla haijaisha.

Msomaji ataona kwamba hakuna hata agizo moja hapo linalohitaji neno kutu, isipokuwa katika jina la ile bolti.

MAPENDEKEZO

Kwa hayo tunapendekeza kwa wafasiri na waalimu maneno yafuatayo, wayajaribu na kuyasahihisha:

Ulikaji: kuharibika kwa metali kwa kuliwa na maji, hewa, kemikali au metali nyingine.

Kutu: mabaki ya ulikaji wa chuma, lisitumiwe kwa alumini.

Ulikaji wa metali mbili: ulikaji wa metali moja kwa kugusana na nyingine ndani ya maji.

Metali laji na metali liwa: katika jozi ya metali mbili, ile inayobaki na ile inayolika.

Metali ya kafara: kipande cha zinki, magnesi au metali nyingine kifungwacho makusudi ili kilike badala ya chombo.

Kihami: kitu kisichopitisha umeme, kiwekwacho kati ya metali mbili zisigusane.

Maneno mawili, metali laji na metali liwa, yaweza kusikika kuwa mageni. Hatutagombana na atakayeleta mazuri zaidi, maadamu msomaji ataweza kujua mara moja ni ipi itakayotoboka.

Limebaki jambo moja la utaratibu. Tafsiri za kiufundi zimezoea kutoka mezani mwa mfasiri kwenda kwa mhariri, na kutoka kwa mhariri kwenda kiwandani. Twashauri kwamba kabla ya kuchapwa zisomwe na mtu anayeishika kazi yenyewe kwa mikono, awe gatini, karakanani au gerejini. Mwongozo ule tumekwisha kuusahihisha. Sentensi yake sasa husema: "Usifunge shaba ya aina yoyote juu ya alumini, maana alumini italiwa." Ni sentensi ya fundi wa Ruaha Mbuyuni, nasi tuliongeza koma tu.